Orange Pi One imeganda 816, kesi ilikuwa ya volti

Wadau, wiki hii nimeletewa Orange Pi One (kompyuta ndogo ya bodi moja) na dogo mmoja wa Uyole, Mbeya, anaitumia kama kaseva ka notisi na video za masomo, inakula umeme wa sola, na malalamiko yake ni kwamba prosesa haipandi, iko 816MHz asubuhi mpaka jioni hata wanafunzi wakiivamia wote kwa pamoja. Huko mjini alishaambiwa "hiyo chipu imechoka, nunua nyingine". Chipu haichoki kihivyo jamani.

Kabla ya kuongelea hela nyingine nilimwambia tu aandike hii:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_available_frequencies

Ikarudi namba moja peke yake, 816000. Yaani prosesa haijagoma kupanda, haina pa kupanda, spidi nyingine zote zimeshafutwa tangu bodi inawaka. Na ukipekua dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo) unakuta keneli, yaani kiini cha Linux, imelalamika kabisa, mstari mmoja mmoja kwa kila spidi iliyotupwa: OPP minuV: 1200000 maxuV: 1200000, not supported by regulator. Yaani hiyo jozi ya spidi na volti (OPP), hapa mikrovolti 1200000 ambayo ni 1.2V, haiwezekani kwa regulata, kile kifaa kinachoipa prosesa volti. Hapo ndo jibu lote lilipo ila watu hawasomagi dmesg.

Sasa iko hivi. Klok ya prosesa haipandi peke yake, ukiongeza spidi inabidi volti ya kori nayo itoshe, la sivyo mahesabu yanaharibika na bodi inaganda. Ndo maana Linux wakati wa kupandisha inaongeza volti kwanza halafu klok, na wakati wa kushusha inapunguza klok kwanza halafu volti. Jozi za spidi na volti zake zimeandikwa kwenye divaisi trii (faili linaloiambia keneli bodi ina vifaa gani), sehemu ya opp-table, na prosesa inaonyeshwa regulata yake kwa mstari wa cpu-supply. Huo mstari ukikosekana ndo hatari zaidi, sababu klok itapanda tu na hakuna atakayegusa volti, utaona mashine inaganda ganda utafikiri ni memori kadi.

Tatizo la dogo ni kwamba alichukua jedwali la Orange Pi PC akabandika kwenye One. Kwa macho ni ndugu, chipu ni ileile H3 yenye kori nne za Cortex-A7, ila regulata ni tofauti kabisa. PC ina SY8106A, inaongea kwa I2C (nyaya mbili za kupeana data) kwenye anwani 0x65 na inapanda kwa hatua ya milivolti 10, ukitaka 1.04 unapata, ukitaka 1.2 unapata. One ina SY8113B inayoamrishwa na pini moja tu ya GPIO (pini ya kuwasha na kuzima), pini ikiwa chini ni 1.1V, ikiwa juu ni 1.3V, basi. Ni kama feni yenye namba moja na namba tatu, hiyo mbili unayoitafuta hawakuiweka. Jedwali lake lilikuwa linadai 1.04 kamili, 1.1 kamili, 1.2 kamili na 1.32 kamili, sasa hapo kinachopatikana ni 1.1 peke yake, na 1.1 ndo ya 816. Imeisha.

Dawa ni kuandika opp-microvolt kwa namba tatu badala ya moja: unayoitaka, ya chini kabisa, na ya juu kabisa. Mfano ya 648MHz inakuwa <1040000 1040000 1300000>, maana yake nipe 1.04 ila usipokuwa nayo nipe yoyote isiyozidi 1.3, keneli itachukua 1.1 bila kelele. Ya 1008 inakuwa <1200000 1200000 1300000>, itapewa 1.3. Ukifungua dtb (divaisi trii iliyokompailiwa) kwa programu ya dtc usishtuke namba zimegeuka za heksadesimali, 0xfde80 ndo hiyo 1040000, 0x10c8e0 ni 1100000 na 0x13d620 ni 1300000. Na weka kopi ya dtb ya zamani pembeni kabla hujawasha upya, tafadhali sana.

Baada ya hapo usiamini skrini tu. Mimi niliweka gavana ya userspace (inayokuachia uchague spidi mwenyewe), nikaifunga 816, nikagusisha mita kwenye kapasita iliyo karibu na koili ya regulata, ikasoma kama 1.1, nikaipandisha 1008 ikaruka 1.3 hapohapo. Kama mita haisogei wakati microvolts ya kwenye /sys/class/regulator imebadilika, basi umeandika pini isiyo yake.

Ila dogo alivyoona 1008 akafurahi, mi nikamwambia subiri tupige hesabu, sababu yeye yuko kwenye betri. Umeme unaoliwa wakati prosesa inafanya kazi unafuata klok mara volti mara volti tena. Kutoka 1.1 kwenda 1.3 peke yake ni kama asilimia 40 zaidi, ukichanganya na klok ya 816 kwenda 1008 inafika kama asilimia 72 zaidi, kwa spidi iliyoongezeka asilimia 24 hivi. Hiyo biashara kichaa. Kwa bodi hii 1008 haina maana, volti ya 1.3 ukishailipia bora uende nayo mpaka 1200, joto likiruhusu, au ubaki 816 upumzike.

Na joto lenyewe, msidanganyike na baridi ya Uyole ya mwezi wa saba. Bodi iko ndani ya kiboksi cha plastiki kilichofungwa, chipu haijui nje kuna ukungu. Nilibandika hitisinki (kipande cha chuma cha kupooza chipu), nikatoboa boksi, nikaiachia stress-ng (programu ya kuitesa prosesa) kori zote nne usiku mzima huku naangalia kama inashushwa klok yenyewe.

Tumeelewana hivi: usiku anaifunga 816, saa za vipindi jua likiwa linachaji anaifungulia mpaka 1200, kwa kubadilisha scaling_max_freq (kikomo cha spidi) kwenye cron, ile ratiba ya kazi za mashine. Mwenye Orange Pi PC hesabu zako ni tofauti, wewe una hatua za kati, zitumie.