Siku moja kliniki ya uzito Mbeya: kabla ya kukatwa mara ya pili

Saa 1:15 asubuhi. Hapa tunawachunguza watu waliokatwa mfuko wa chakula ili wapungue, lakini hawakupungua vya kutosha au wamenenepa tena, kabla ya kupasuliwa upya. Baridi ya Juni huleta wagonjwa na makoti mazito, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwavua. Koti, viatu na simu mfukoni hufika kilo 2 bila shida. Mzani hukaa kwenye saruji, kamwe si juu ya zulia.

Saa 2:00. Hesabu. Chukua mama wa mita 1.60 aliyekatwa mfuko wa chakula Dar miaka miwili iliyopita akiwa na kilo 120. Kwa BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 25 angekuwa na kilo 64, basi ziada yake ilikuwa 56. Leo ana 98. Amepunguza 22, sawa na asilimia 39 ya ziada. Wapasuaji wengi huona chini ya asilimia 50 ni haba. Ila namba hiyo haitoshi. Alishuka mpaka 80 kisha akapanda, au hakuwahi kupita 98? Asiyeshuka huenda aliachiwa mfuko mkubwa tangu mwanzo, hasa sehemu ya juu. Aliyepanda, tunatazama kama mfuko umetanuka, na anakula nini.

Saa 3:00. Karatasi. Wengi huja na risiti na kovu tu. "Nilipunguzwa tumbo" yaweza kuwa slivu (mfuko uliokatwa ukabaki mwembamba), baipasi (kifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo), au hata puto la kuwekwa tumboni, ambalo si upasuaji na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6. Bila ripoti ya upasuaji, daktari wa pili anaingia gizani. Ipigieni simu hospitali ya kwanza mapema, maana majibu huchelewa.

Saa 4:00. Chakula, na hapa ndipo muda unapokwenda.
"Shikamoo mama. Jana umekula nini?"
"Marahaba. Kidogo tu mwanangu, vijiko vitano vya wali wa Kyela."
"Na kunywa?"
Hapo ndipo mambo yanapojitokeza. Vikombe vinne vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: gramu 48 hivi za sukari. Soda moja alasiri. Parachichi la Rungwe, lile kubwa, linalopita kalori 300. Karanga za kudokoa tangu saa tano. Mfuko mdogo huzuia ugali, hauzuii kimiminika. Soda hupita kama maji kwenye bomba. Kukata tena mfuko wa mtu huyu ni kumwongezea kovu. Tunaanza na protini gramu 60 hadi 80 kwa siku (mayai, dagaa, maharage, mtindi usio na sukari) na kutokunywa nusu saa baada ya kula.

Saa 6:30. Damu: tezi ya shingo, sukari, wekundu wa damu, madini ya chuma, vitamini B12, albumini (protini ya damu). Dawa pia huulizwa, kwani steroidi na insulini hupandisha uzito. Anayetapika kwa wiki kadhaa apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya sukari. Dripu ikitangulia, ubongo unaweza kuumia.

Saa 8:00. Picha ya bariamu, dawa ya kunywa inayoonyesha mfuko kwenye eksirei. Slivu nzuri huonekana nyembamba kama ndizi. Kifuko kilichovimba juu kinaeleza njaa ya mgonjwa. Mwenye kiungulia hupitishiwa kamera kooni hadi tumboni.

Saa 9:30. Uamuzi. Slivu yenye kiungulia kikali hugeuzwa baipasi. Kuikata tena slivu hiyohiyo huweza kuzidisha asidi. Hatari ya mshono kuvuja ni kubwa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu kovu hunata na damu haifiki vizuri kwenye mshono. Baada ya upasuaji, mapigo ya moyo yakipita 120 kwa dakika, au bega la kushoto likiuma, mgonjwa asisubiri homa ndipo arudi hospitali.

Saa 10:30. Maagizo ya safari. Dar, anakopasuliwa mgonjwa, ni zaidi ya kilomita 800, basi la usiku baada ya upasuaji halifai: damu huganda miguuni. Na ile diklofenaki (dawa ya maumivu) ya duka la Mwanjelwa aiache nyumbani, maana kwenye baipasi hutoboa kidonda pale utumbo ulipounganishwa.