Mlango nani alifunga

Mimi ni fundi seremala, na naanza na hilo kwa sababu ndo aibu yenyewe. Nimetengeneza vitanda vya sita kwa sita, makabati, milango ya mninga ya watu wenye hela zao kule Shanty Town, halafu mlango wa banda la kuku la kwangu mwenyewe, hapa Rau, Moshi, ulikuwa unafungwa na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Komeo lilikatika mwezi wa pili nikasema kesho nitaweka lingine, na kesho ya fundi mnaijua.

Kuku wenyewe walikuwa wa binti yangu, wakati huo ana miaka sita. Krismasi ya 2016 tulipanda kijijini Uru kwa bibi yake, mama yangu, kama kawaida, na siku ya kushuka bibi akampa tetea mmoja, mwekundu mwenye madoa, kafungwa miguu, kawekwa kwenye kikapu na majani ya mgomba juu. Njia nzima kwenye Noah mtoto kakipakata kile kikapu anakiongelesha. Tulipofika akampa jina, Shangazi, na ukweli alipatia, maana yule kuku alikuwa anatembea kama dada yangu mkubwa akiingia kanisani, kifua mbele, shingo inageuka huku na huku kuona nani kachelewa. Akamfunga uzi mwekundu mguuni ili asichanganywe na wa jirani.

Jogoo wa jirani hakuhitaji kualikwa. Shangazi akataga, akaatamia mayai 11, siku ya 21 wakatoka vifaranga tisa. Mwewe akachukua watatu ndani ya wiki mbili, mchana kweupe, mmoja akazama kwenye ndoo. Mama jirani akatufundisha kuwapaka GV mgongoni, ile dawa ya zambarau, eti mwewe akiona rangi anashtuka, sijui kama ni kweli ila mwewe hakurudi na sisi tukabaki na vifaranga vitano vinavyofanana na watoto waliopakwa dawa ya vidonda. Wakakua. Kila mmoja na jina lake, kuna mmoja aliitwa Pilau nikamwambia mtoto hilo jina sio zuri kwa kuku, akasema kwa nini, nikaacha. Na kuna mmoja aliitwa Mtoro kwa sababu jioni ikifika alikuwa hataki banda kabisa, anaruka kwenye mparachichi analala huko juu, tumemshusha na ufagio mpaka tukachoka.

Utaratibu ulikuwa hivi: mtoto anawaswaga waingie, anawawekea maji kwenye kopo la Blue Band, mimi nafunga mlango. Kazi yangu ilikuwa hiyo moja tu.

Sasa Jumanne baada ya Pasaka, 2017. Mama yake alikuwa kwenye msiba Kibosho tangu Jumatatu, mdogo wangu wa kike alikuja kukaa na mtoto, na mimi usiku huo nilikuwa na gemu, Real Madrid na Bayern, marudiano robo fainali ya UEFA. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha ile ya kunyesha haswa. Nataka kutoka, mtoto yuko kitandani anauliza, baba umefunga kuku? Nikamwambia nimefunga, mama. Nilikuwa sijafunga, nilikuwa nimepanga nikitoka napitia pale nafunga, ni hatua kumi tu, ila nilipotoka mvua ikanipiga usoni nikakimbilia barabarani. Kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mpira, nilikumbuka mara moja, mapumziko, nikasema nikirudi. Gemu likaenda dakika za nyongeza, Ronaldo kapiga tatu, Madrid kashinda nne mbili, narudi nyumbani ni saa sita na nusu usiku huko, nimelowa, nina raha zangu. Nilipita mita tatu kutoka kwenye lile banda, sikugeuza hata shingo.

Saa kumi na moja na nusu niliamka kwenda choo cha nje nikaona mlango uko wazi.

Ndani kulikuwa kimya. Shangazi alikuwa karibu na mlango, shingo imeng'atwa kwa nyuma, damu kidogo tu imeganda kwenye manyoya, mwili hajaliwa hata kipande. Pilau na wenzake wawili pembeni, wamelundikana kwenye kona. Mmoja hakuwepo, kabebwa. Mzee wa jirani alikuja na kurunzi akaangalia akasema kicheche huyo, nguchiro angekuja mchana na angeanza na mayai. Nikamuuliza sasa mbona kaua wote na kala mmoja, akasema porini ukikamata mmoja wengine wanaruka zao wanakwenda, ila humu ndani hawana pa kwenda, wanapiga kelele, wanapigapiga mabawa, na yule mnyama kila kitu kinachotikisika anauma mpaka pawe kimya. Hapo msitu wa Rau uko karibu, tunasikia vitu vinapita usiku, sio siri. Juu ya mparachichi Mtoro alikuwa kakaa anatuangalia.

Nilitia wale wanne kwenye kiroba cha pumba nikatupa kwenye shimo la taka nyuma ya migomba, nikafunika na majani. Nikafagia manyoya. Mtoto alipoamka nikamwambia bibi kapita alfajiri kawachukua kuku wakakae kidogo Uru.

Najua mtasema nini. Ila wakati ule nilijiona nimecheza kama mimi. Sio uongo mkubwa, nikajisemea, anasahau baada ya siku tatu, tutapanda Uru bibi atampa mwingine. Aliniangalia, akauliza, bibi kaja hajanisalimia? Nikamwambia ulikuwa umelala. Hakulia. Akatoka akaenda kusimama bandani.

Kilichofuata sikukitegemea kabisa. Alhamisi asubuhi namkuta kabeba lile kopo, kalijaza maji mpaka juu, anatembea polepole yasimwagike, anaenda kuliweka kwenye banda tupu. Jioni hivyo hivyo. Nikamuuliza unamwekea nani maji, akasema ni ya wakirudi. Usiku ndo akamwambia shangazi yake, yule mdogo wangu, kwamba bibi kawachukua kwa sababu Jumatatu yeye alisahau kuweka maji, alikuwa anacheza, na bibi siku ya kumpa kuku alimwambia ukishindwa kumtunza nitamrudisha. Yani mtoto kakaa na hilo moyoni siku mbili. Mdogo wangu alinihadithia huku ananiangalia vile wanawake wa kwetu wanavyokuangalia wakiwa hawajaamua wakutukane au wakuhurumie. Nikasema nitaongea naye. Sikuongea naye.

Ijumaa jioni bibi akapiga mwenyewe kusalimia, mimi niko nje namalizia kiti cha mtu, simu kaishika mtoto. Nasikia kutoka ndani, sauti ile ya kusoma kitu alichokariri: shikamoo bibi, bibi nisamehe, sasa hivi nawapa maji kila siku, naomba uwarudishe. Nikaweka randa chini. Halafu kimya. Halafu, bibi ana sauti kubwa hata bila spika inasikika, kuku gani mjukuu wangu?

Mtoto akatoka akanipa simu. Hakusema neno, alinyoosha tu mkono.

Mama yangu hana kelele akikasirika, anashuka sauti. Akaniuliza nini kimetokea, nikamwambia yote, na mlango pia nikamwambia. Akanyamaza, halafu akasema, kwa hiyo we mtoto umenifanya mimi mwizi wa kuku? Nikasema hapana mama. Akasema mtoto anajua kuku anakufa, huku kwangu kila Krismasi anaona namchinja mbele yake, kitu asichokijua ni mtu kuondoka bila kusema, hicho ndo umemfundisha. Kawafukue, akasema, wazikwe. Na sale si ipo hapo mpakani kwako? Mimi nikajifanya sijaelewa, nikauliza sale ya nini mama, ni mtoto huyu, ana miaka sita. Akasema ndio, na wewe una 34. Akakata.

Kwa wasiojua, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini, na kwetu Wachaga ukimkosea mtu ukaenda kwake na jani la sale umelifunga fundo, huyo mtu ni vigumu sana kukukatalia. Nimeshaona wazee waliogombania kihamba, shamba la ukoo, miaka mingi wanakaa meza moja kwa ajili ya jani. Ila kumpelekea mtoto wa darasa la kwanza, nilikuwa sijaona.

Jumamosi asubuhi nikachukua jembe. Nilimwambia kwanza, nikachuchumaa tuwe sawa, bibi hakuja, kuku walikufa, kicheche aliingia usiku, nilikudanganya. Akauliza wako wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Nilitaka abaki ndani mpaka nimalize, akasema nakuja.

Siku ya nne kwenye kiroba, mvua hizo, sitawasimulia harufu. Nilimfunga kitenge puani, na kiroba nilimfungulia kidogo tu, pale mguu ulipo. Uzi mwekundu ulikuwepo. Akaugusa kwa kidole kimoja, uzi, sio mguu, akaushusha na kuupandisha kama anaangalia umekaza au umelegea. Akauliza, aliumia? Nikasema aliumia, ila haikuchukua muda. Akauliza Mtoro aliona? Nikasema nadhani aliona. Akafikiria. Halafu, bila hata kuniangalia: mlango nani alifunga?

Nilikuwa na majibu mengi tu, mpira ulikatika, kicheche ana nguvu, mvua. Nikasema, hakuna aliyefunga. Uliniuliza nikakwambia nimefunga, na sikufunga. Nikatoa jani mfukoni, fundo nililifunga usiku na lilikuwa limeanza kunyauka, mkono wangu unatetemeka kama naenda kuposa. Nikamwambia hili ni la kukuomba msamaha, bibi kasema nikupe.

Akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kupokea vitu. Akaligeuza akaliangalia fundo. Na maji? akauliza. Sio kwa sababu ya maji? Nikamwambia maji hayahusiki kabisa, kicheche hajali maji. Hapo ndo akalia, na alilia vile ambavyo alikuwa hajalia siku zote nne, mpaka mzee wa jirani akachungulia juu ya uzio akarudi kimya kimya. Nilimshika. Baadae akaniambia kwenye shati, nimekusamehe ila leo sitaki kuongea na wewe. Na kweli, mpaka Jumapili baada ya kanisa hakuongea na mimi, chumvi alikuwa anaomba kupitia shangazi yake.

Tuliwazika chini ya mgomba, tukachomeka kipande cha shina la sale, kile kikashika, sasa hivi kinanipita urefu. Mama yake aliporudi msibani alikuta kaburi uani na mtoto anamweleza kila kitu kwa mpangilio, na sehemu yangu hakuiruka.

Banda nililibomoa Jumatatu hiyo hiyo. Nikainua sakafu, nikazungusha wavu wa tundu ndogo mpaka chini ya udongo, komeo la chuma. Mtoto alikaa juu ya ndoo ananisimamia kama mkandarasi. Mwezi wa sita bibi akaleta matetea wawili, na Mtoro akakataa kuingia kwenye banda jipya vilevile.

Septemba UEFA ikaanza tena. Siku hiyo nimebaki nyumbani, naangalia kwenye simu na bando la kuungaunga, mvua za msimu bado ila palikuwa na manyunyu. Mapumziko mtoto akatokea mlangoni na gauni la kulalia. Baba, komeo? Nikachukua kurunzi nikatoka. Komeo lilikuwa limeshafungwa, tena limepigwa fundo la kamba juu yake, fundo la kitoto lile la kujaza. Nikageuka, namwona dirishani, kasimama juu ya kitanda ananihesabia hatua.