Mofini Ilizimwa, Mgonjwa Hakuamka

Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ilikuwa imezimwa tangu juzi yake, na mzee alikuwa hajafumbua macho. Nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa ameletwa na maambukizi yaliyosambaa mwilini, presha ikaporomoka, akawekewa mashine ya kupumulia. Ili auvumilie ule mpira wa kooni, alipewa mofini mfululizo kwa pampu.

Wakati wa kukabidhiana zamu, mazungumzo yote yalikuwa juu ya ubongo. Huenda ulikosa damu presha iliposhuka. Huenda ni kiharusi. Picha ya kichwa haikuonyesha kitu, lakini "huyu haamki" ilishaanza kusemwa pale pale kitandani, jambo linaloniudhi hadi leo, maana hatujui mgonjwa aliyelala anasikia nini.

Mkewe alinishika mkono. "Mwanangu, niambie ukweli. Ameshaondoka?"

"Mama, hilo bado hatulijui. Ngoja nimwangalie vizuri."

Nilimmulika machoni. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, pande zote mbili. Mashine ndiyo iliyompumulia. Pumzi zake mwenyewe zilikuwa za kuhesabika. Mara kwa mara mikono ilishtuka yenyewe. Kisha nikautazama mfuko wa mkojo: hazikufika hata mililita 10 kwa saa, ilhali kwa mtu wa kilo 70 tunatarajia angalau 35. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huitoa, ilikuwa ikipanda kila asubuhi, na kwa kuwa hupanda kwa kuchelewa, figo zilikuwa zimeumia kabla karatasi ya maabara haijatuonyesha.

Dalili hizo zilinifanya niishuku mofini. Nikampigia mfamasia, kisha daktari wa zamu.

"Ini limeshafanya kazi yake, sista," mfamasia aliniambia. "Kinachomlaza sasa ni kile ambacho figo zimeshindwa kukitoa."

Mofini yenyewe huvunjwavunjwa zaidi na ini, ndiyo maana ni rahisi kudhani figo hazihusiki. Lakini ini linapomaliza huacha mabaki, na baadhi yake bado ni dawa kamili. Mojawapo, mofini-6-glukuronaidi, hutuliza maumivu, hulaza na hupunguza pumzi, na njia yake ya kutoka ni mkojo. Figo zikiwa nzima, nusu yake huondoka ndani ya saa chache. Figo zikifa, inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima, na kila tone lililopita kwenye pampu limeongeza akiba hiyo. Baki jingine halitulizi maumivu, ila linahusishwa na kule kushtukashtuka.

Daktari alitoa naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya mofini, kwa dozi ndogo sana, kwa kuwa ikiingia nyingi kwa mkupuo maumivu na presha hurudi kwa kishindo. Kabla haijaingia nilimwambia mama kwamba hata akiamka, huenda akalala tena. Dakika chache baadaye mzee alifumbua macho, akageukia sauti ya mkewe, akambana vidole. Mama alilia kwa sauti na sikumzuia.

Haikupita saa, akalala tena. Naloksoni huisha haraka, mabaki yamebaki palepale. Mama alishtuka, ila safari hii alikuwa na jibu, akaketi. Kwa vile mashine ilikuwa ikimpumulia, hapakuwa na sababu ya kumwamsha kwa nguvu. Alianzishiwa kusafishwa damu. Hiyo nayo hufanya kazi taratibu, kwani kilichokwishaingia kwenye ubongo hakitoki upesi. Kwa maumivu alipewa fentanili kidogo kidogo, ambayo ini huigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu ya maana, ingawa ikitumika muda mrefu hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili.

Aliamka kidogo kidogo, kila siku zaidi ya jana yake. Mpira ulipotolewa, alituuliza kwa sauti iliyokwaruza kwa nini tulimnyima maji muda wote ule. Mkewe ndiye aliyemjibu.