Milimita 34

Salamu za dada pale uwanja wa ndege wa Detroit zilikuwa hizi: "Kaka, shika koti la mtoto, kwenye kiti cha gari halivaliwi." Januari, theluji vifundoni, mpwa wangu wa miaka mitatu analia, "Mjomba, baridi!" na mama yake ndiyo kwanza anamvua. Gari likigonga, koti nene hubonyea na mkanda unabaki umelegea. Alipomfunga akajaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Haukufinyika. Ndipo tukashika barabara kuu ya I-94 kwenda Ann Arbor.

Nilicheka moyoni. Mimi nimekulia mapajani mwa mama, kwenye basi la Tanga.

Kesho yake jirani wa dada, fundi wa maabara ya majaribio ya ajali, alitukaribisha kazini. Kuna reli fupi, kigari juu yake, na kwenye kigari kiti cha mtoto. Aliyekaa pale ni mdoli wa "miaka mitatu", ana fulana na suruali, usoni kapakwa rangi ili akigonga kitu aache alama. Waliniruhusu kumbeba. Kilo 16 hivi, sawa na mpwa wangu, ila shingo yake ya mpira haikunilalia begani.

Honi ikalia, kishindo, basi. Kilomita 48 kwa saa, na yote yamekwisha kabla sijakumbuka kupepesa macho. Video ya polepole niliirudia mara tatu: mikono inaruka mbele kama mtoto anayeomba kubebwa. Wao walikuwa wanatazama kichwa. Kisipite milimita 813 kwenda mbele. Kiti kikifungwa na kamba ya juu, ile inayotoka nyuma ya kiti cha mtoto na kunasa kwenye ndoano ya gari, mwisho ni 720.

Kwenye majaribio ya eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, wanapima hata kifua kinavyobonyea. Fundi akanionyesha kwenye rula: milimita 34 kwa mdoli huyu, 40 kwa yule wa miaka sita. Thelathini na nne ni upana wa vidole vyangu viwili. Nikamuuliza, nani alijaribu kwa mtoto?

"Hakuna," akasema. Walichukua vipimo vya watu wazima, wakavishusha kwa hesabu ya ukubwa wa mwili na ulaini wa mifupa. Huko nyuma waliwahi pia kuweka watoto wa nguruwe mbele ya eabegi. Na 34 haimaanishi kwamba kwenye 33 mtoto haumii. Ni pale walipokubaliana kuwa hatari imetosha. Jibu hilo lilinikaa vibaya, ingawa sikuwa na namba bora ya kumpa.

Tulipotoka nikamuuliza dada kamba ya juu ya kiti chake iko wapi.

"Kamba gani?"

Tuliikuta nyuma ya kiti, imekunjwa, bado imefungwa kwa ule mpira wa dukani. Kuitafutia ndoano yake garini kulituchukua dakika kumi, milango wazi, mtoto hana koti.