Jinsi nilivyochagua lenzi na mwanga wa kupiga picha za wadudu

Kilichoniamulia lenzi ni mdudu mwenyewe: ataniacha nimsogelee mpaka wapi? Lenzi za makro, zile za kupigia vitu vidogo kwa karibu, karibu zote hufika 1:1, yaani mdudu wa milimita 10 huchukua milimita 10 zilezile kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Ya milimita 60 (huo ni urefu wa fokasi, namba inayoitambulisha lenzi) inafika hapo, ya 100 inafika, na ya 180 pia. Zinachotofautiana ni nafasi inayobaki kati ya kioo cha mbele na mdudu.

Nafasi hiyo huikuti moja kwa moja kwenye maelezo ya lenzi. Kinachoandikwa ni umbali mfupi kabisa wa kufokasi, yaani wa kupata picha kali, na huo hupimwa kuanzia kwenye sensa. Lenzi ya 100 iliyoandikwa sentimita 30, ukishatoa urefu wake na unene wa kamera, inakuachia kama sentimita 13 hadi 15. Ya 60 inakuachia chini ya 10. Kerengende hakusubiri, na anayesubiri unamfunika kwa kivuli cha lenzi. Ya 180 ina nafasi ya kutosha ila ni nzito, na mkono ukitikisika kidogo tu mdudu anatoka kwenye fremu. Nikachukua 100. Kwa maua na uyoga, visivyo na miguu ya kukimbilia, 60 ingenitosha.

Asiye na fedha ya makro aanze na ringi za kurefusha, zile zisizo na kioo ndani, zinazowekwa kati ya kamera na lenzi. Gawanya urefu wa ringi kwa urefu wa fokasi wa lenzi: ringi za milimita 25 kwenye lenzi ya 50 zinakupa nusu ya ukubwa halisi. Chukua zenye viunganishi vya umeme, la sivyo lenzi nyingi za kisasa hutaweza kuzibadilishia tundu, ule uwazi wa kupitishia mwanga.

Mwanga ndio ulionisumbua hasa. Kwenye 1:1, kwa tundu la f/11 (namba ya f ikipanda, tundu linazidi kuwa dogo), sehemu inayotoka kali haizidi sana milimita moja. Jicho la nzi linaonekana vizuri, mabawa yamefifia. Utaambiwa ufunge tundu zaidi. Lakini kwa ukuzaji huo f/11 tayari inafanya kazi kama f/22, na ukiweka f/22 ni kama uko f/44: mwanga unapinda kwenye kitundu hicho na picha nzima inapoteza ukali. Kwa hiyo sipiti f/11, na hata hapo kamera inalilia mwanga.

Jua la mchana lina mwanga tele, lakini ni mkali mno. Kivulini mwanga ni mzuri, ila shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, inabidi iwe ya polepole mpaka pumzi zangu zinaonekana kwenye picha. Ndipo nikahamia kwenye flashi. Ukiipunguza nguvu hadi 1/16 au 1/32, mwako wake huwa mfupi sana kuliko shata ya sekunde 1/200, na unamgandisha mdudu hata jani likipepea.

Flashi tupu haifai, hilo nalisema bila kusita. Mwangalie mbawakavu mgongoni: flashi tupu inaacha nukta nyeupe iliyoungua, rangi yote imefutika pale. Nikaning'iniza karatasi nyeupe ya plastiki inayopitisha mwanga, pana kama kiganja, kuanzia kwenye flashi hadi mbele ya lenzi, karibu kabisa juu ya mdudu. Nukta ikageuka utepe mpana uliofifia, na ndani yake ukaweza kuona vishimo vidogo vilivyojipanga kwenye gamba la bawa. Kwa mdudu, karatasi hiyo ni anga nzima. Flashi ya duara inayozunguka lenzi sikuipenda. Inaacha pete jichoni na kumfanya mdudu aonekane bapa.

Kilichobaki ni mandhari nyeusi. Mwanga wa flashi hupungua haraka: umbali ukiongezeka maradufu, unabaki robo. Mdudu anang'aa, nyuma yake giza. Nikiweza, naweka jani sentimita chache nyuma yake, au namtafuta aliyetua penye majani karibu. Nikishindwa, napandisha ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) hadi 800 na kushusha shata hadi 1/60 ili mwanga wa asili uingie, ingawa upepo ukivuma kidogo mdudu anapata kivuli cha pili pembeni. Kwa buibui sihangaiki, weusi unampendeza. Kipepeo kwenye giza saa sita mchana ndiye nisiyemkubali.