Taa ya sola inayofunguka kwa bisibisi moja: kava la tatu

Wiki hii nimemaliza kava la tatu la taa yangu ya sola, na kwa mara ya kwanza betri imetoka bila kitu kuvunjika. Mradi huu niliuanza baada ya kununua taa tano mbovu kwa mafundi wa Kariakoo. Nne zilikuwa zimegandishwa kwa gundi pande zote, hivyo betri haikufikika mpaka kava lipasuliwe, ilhali kilichokufa ni betri peke yake.

Kava la pili liliponzwa na skrubu. Nilizikaza moja kwa moja kwenye plastiki, na baada ya kufungua na kufunga mara kadhaa meno yalilika, zikawa zinazunguka bure. Safari hii nimeacha vijumba vya pembe sita ambamo nati za milimita 3 hukaa bila kuzunguka, ili chuma kikazane na chuma. Skrubu zote nne zinafunguliwa kwa bisibisi ya nyota, ambayo kila fundi anayo.

Seli ya betri ni ya aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Sikuilehemu, inakaa kwenye springi kama betri za redio. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam huleta kutu, kwa hiyo nimepaka ncha zake mafuta mepesi ya mgando.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa plastiki. Mzee mmoja anayenunua plastiki chakavu Tandika alitumbukiza vipande viwili ndani ya ndoo ya maji: polipropilini ikaelea, ABS, plastiki nyingine ngumu, ya taa ya dukani ikazama. Mzee huyo hanunui kava lililochanganya plastiki mbili kwa gundi. Nikaamua kutumia polipropilini tupu, yenye alama ya namba 5, lakini haishiki kwenye meza ya printa ya 3D ninayochapia kava, na pembe zake hujikunja. Dawa yake ikawa kutandika selotepu ya kufungia katoni, kwa kuwa nayo ni polipropilini.

Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kwamba, kuanzia Februari 2027, mtumiaji aweze kutoa mwenyewe betri za vifaa vidogo kwa zana za kawaida. Nami nimekifanya hicho kuwa kipimo changu. Nilimpa fundi taa bila maelezo yoyote, akaitoa seli kwa dakika nne. Kisha akaishika paneli na kusema, “Kaka, nyaya hizi fupi, mtu akivuta kifuniko zinang'oka.” Kweli, mmoja ulikuwa umeshaanza kuachia. Katika kava la nne nitazirefusha kwa sentimita 10 na kuweka plagi ndogo badala ya lehemu.