Uhamisho wa jeshi na malezi ya mtoto
Mume wangu ni mwanajeshi, na kila amri ya uhamisho inapotoka, kinachoninyima usingizi si kufunga mizigo bali ni nani atakayemlea mtoto wetu huko tuendako. Kituo cha kulelea watoto kilichomo kambini kina ada nafuu, lakini orodha ya wanaosubiri nafasi ni ndefu kiasi kwamba jina letu hukaribia kufikiwa wakati tayari tumeshapangiwa kambi nyingine, ambako huanzia tena mkiani. Vituo vya nje hufungwa jioni, ilhali zamu za jeshi hazijui jioni wala sikukuu. Mume wangu anapokuwa kwenye mazoezi ya usiku nami nikawa zamu kazini, hulazimika kubisha hodi kwa jirani, mkoba wa nepi mkononi na mtoto amelala begani. Bibi na shangazi zake, ambao kwa wengine ndio msaada wa kwanza, wako mbali. Kusema kweli, sielewi kwa nini tarehe tuliyojiandikisha mara ya kwanza isihamishwe pamoja nasi, kwa kuwa uhamisho wenyewe hatukuuomba.